Mtungi wa Gesi Njiani: Usimame, Ufungwe, Upate Hewa

Siku hizi mtungi wa gesi umeingia vijijini. Utauona kwa mama lishe wa gulioni. Utauona nyumbani kwa mwalimu, na kwa jirani aliyechoka kutafuta kuni. Hili ni jambo jema. Moshi wa kuni na mkaa unaumiza macho. Unaharibu mapafu ya mama anayepika na ya mtoto aliye mgongoni. Ndiyo maana mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila watu 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini nao umesambaza vijijini mitungi ya kilo 6 kwa bei iliyopunguzwa.

Lakini gesi haichotwi kisimani. Mtungi ukiisha, lazima urudishwe dukani ubadilishwe. Mara nyingi duka liko mbali. Kwa hiyo mtungi unasafiri. Unapanda pikipiki. Unapanda Noah. Unapanda lori la mahindi na basi la asubuhi. Mara nyingi tunaambiwa namna ya kutumia gesi jikoni. Ni mara chache tunaambiwa namna ya kuufikisha mtungi nyumbani.

Leo tutazungumza juu ya safari hiyo. Soma polepole. Ukimaliza, msomee jirani yako. Kama kijana wako anaendesha pikipiki au gari, msomee na yeye.

GESI YA KUPIKIA NI KITU GANI?

Tikisa mtungi uliojaa. Utasikia kitu kinachezacheza ndani kama maji. Si maji. Ni gesi iliyoshindiliwa kwa nguvu mpaka ikawa maji. Ikitoka nje inarudi kuwa hewa. Lita 1 ya maji hayo inakuwa lita 250 hivi za gesi. Ndiyo sababu mtungi mdogo unapika siku nyingi. Na ndiyo sababu mtungi mdogo unaweza kuleta msiba mkubwa.

Kumbuka mambo manne juu ya gesi hii.

Jambo la kwanza: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi hupanda juu, lakini gesi ya kupikia hushuka chini. Hutambaa sakafuni kama ukungu wa asubuhi bondeni. Huingia mtaroni, shimoni na chini ya viti vya gari. Hukaa huko ikingoja cheche.

Jambo la pili: gesi haihitaji kujaa ili iwake. Katika sehemu 100 za hewa, zikiwamo sehemu 2 tu za gesi, cheche moja inatosha kuwasha moto.

Jambo la tatu: gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya unayoisikia, kama ya kitu kilichooza, imetiwa kiwandani makusudi. Imetiwa ili ikuonye. Ukiisikia, usiseme, "Itaisha yenyewe." Pua huzoea harufu. Baada ya muda hutaisikia tena, lakini gesi bado ipo.

Jambo la nne: gesi hupanuka ikipata joto. Kwa hiyo kiwandani mtungi haujazwi mpaka juu. Hubakizwa nafasi, kama sehemu 1 katika sehemu 5, ili gesi ipate mahali pa kupanukia. Mtu anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mtungi mdogo nyuma ya nyumba hajui kubakiza nafasi hiyo. Usinunue gesi kwake hata kama bei yake ni ndogo.

MFANO WA SAFARI MOJA

Tuchukue mfano. Dereva wa Noah anatoka mjini kurudi kijijini. Ana abiria 8. Mama mmoja anapanda na mtungi wa kilo 6. Dereva anataka kumsaidia. Anaulaza mtungi chini ya kiti cha nyuma. Juu yake anaweka gunia la maharage. Barabara ni ya vumbi, kwa hiyo wanafunga madirisha yote.

Je, kuna makosa mangapi hapo?

Kosa la kwanza ni kuulaza mtungi. Mtungi ukisimama, ile gesi iliyo kama maji hukaa chini, na gesi iliyo kama hewa hukaa juu karibu na koki. Koki ikivuja kidogo, hutoka hewa kidogo. Mtungi ukilala, ile ya maji inafika kwenye koki. Koki ikivuja, yanatoka maji, na kila lita inakuwa lita 250. Fikiri juu ya chupa ya soda. Ukiifungua ikiwa imesimama, inatoa hewa kidogo. Ukiilaza kisha ukaifungua, soda yote inamwagika. Mitungi mingi pia ina tundu la usalama kwenye koki. Tundu hilo limetengenezwa kufanya kazi mtungi ukiwa umesimama.

Kosa la pili ni kutoufunga. Gunia si kamba. Gari likiruka kwenye shimo, gunia linahama na mtungi unabingirika. Koki inagonga chuma cha kiti.

Kosa la tatu ni kufunga madirisha. Nafasi ya ndani ya gari kama hilo ni ndogo. Gesi isiyofika nusu kilo inatosha kulifanya gari zima liwe tayari kulipuka. Mtungi wa kilo 6 una gesi hiyo zaidi ya mara 12.

Mama yule hana kosa la kutaka kupika bila moshi. Dereva hana kosa la kutaka kusaidia. Lakini abiria 8 wako hatarini, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa.

MANENO MATATU YA KUSHIKA

Kutokana na mfano huo tunapata maneno matatu. Yashike kama unavyoshika jina la mtoto wako.

USIMAME. Mtungi wa gesi ya kupikia usafiri umesimama, koki ikiwa juu. Usilazwe. Usipinduliwe.

UFUNGWE. Ufungwe kwa kamba imara usianguke, usibingirike, usigongane na mwenzake.

UPATE HEWA. Uwekwe mahali penye upepo, ili gesi ikivuja ichukuliwe na upepo. Isikusanyike.

Mengine yote tutakayosema ni matawi ya maneno haya matatu.

KABLA YA KUONDOKA DUKANI

Usalama wa njiani huanzia dukani. Usiupokee mtungi kama unavyopokea kilo ya sukari. Fanya hivi:

1. Utazame mtungi. Kama umebonyea sana, au una kutu inayobanduka, au kitako chake kimepinda, ukatae. Omba mwingine. Hiyo ni haki yako.

2. Tazama kifuniko cha koki na karatasi ya plastiki inayoifunga. Kama imechanwa, uliza kwa nini.

3. Mwombe muuzaji aupime kwa mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Toa uzito huo kwenye uzito wa mizani. Jibu ndilo gesi uliyouziwa. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Hesabu hii ni yako.

4. Mwombe muuzaji apake povu la sabuni kwenye koki. Povu likitoa mapovu yanayokua, koki inavuja. Usiupokee. Usikubali mtu yeyote apime kwa kiberiti. Kiberiti hakipimi gesi, kinaiwasha.

5. Rudisha kifuniko juu ya koki. Kifuniko si pambo. Kinaikinga koki isigongwe njiani.

6. Mtungi usisafiri ukiwa umeungwa na jiko au mpira wake. Ondoa kwanza, ufunge koki, kisha uondoke.

Iache safari ya gesi iwe kazi ya mwisho mjini. Nunua kwanza sabuni, daftari na dawa ya ng'ombe. Pitia gesi ukiwa tayari kurudi nyumbani. Ukifanya hivyo, mtungi hautashinda ndani ya gari juani. Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 50 za joto ndani yake. Joto hilo linaongeza nguvu ya gesi ndani ya mtungi.

GARI LIPI NI ZURI?

Gari zuri kuliko yote ni lile la wazi nyuma, kama pikapu. Upepo unapita. Watu wako mbele na mtungi uko nyuma. Usimamishe mtungi, uuegemeze kwenye ubao wa mbele wa bodi, uufunge kwa kamba mahali pawili, juu na chini. Kama mitungi ni mingi, ikae pamoja imebanana, yote imesimama, na kamba iizunguke yote. Usiifunike kwa turubai iliyobana. Usipakie pamoja na petroli, mafuta ya taa, viberiti au mkaa. Watu wasikae juu ya mitungi. Utingo asivute sigara.

Wakati wa kupakia na kushusha, mtungi usirushwe. Wengine huudondosha juu ya tairi kuukuu wakifikiri tairi linauokoa. Koki haiokolewi na tairi. Mtungi wa kilo 15 ukijaa unafika kilo 30 hivi pamoja na chuma chake. Mbebe watu wawili. Mgongo nao ni afya.

Ukiwa na gari dogo tu, chukua mtungi mmoja mdogo, usizidi hapo. Usimamishe sakafuni, uubane kwa kitu kisichohama, kisha uufunge. Kama unakaa kwenye buti, lisifungwe kabisa. Liache wazi kidogo, ulifunge kwa kamba. Fungua madirisha safari nzima hata kama kuna vumbi. Vumbi linaoshwa kwa maji, majeraha ya moto hayaoshwi. Nenda moja kwa moja nyumbani. Usiegeshe gari ukaenda kunywa chai huku mtungi uko ndani.

Katika basi na daladala, mtungi usikae na abiria. Watu ni wengi, mlango ni mmoja au miwili, na huwezi kujua nani mfukoni ana kiberiti. Usiufiche ndani ya gunia au sanduku ili kondakta asiuone. Ukiuficha, watautupia mizigo juu yake. Hakuna atakayejua harufu inatoka wapi. Wewe dereva na wewe kondakta, abiria akija na mtungi usimtukane. Mweleze kwa upole, umwelekeze kwenye gari la mizigo.

NA PIKIPIKI JE?

Ndugu msomaji, tunajua ukweli. Kuna vijiji ambako pikapu hufika siku ya gulio tu. Pikipiki hufika kila siku. Kusema "usitumie pikipiki" halafu kunyamaza si kusaidia. Kwa hiyo tunasema hivi: pikipiki si chombo kizuri cha gesi. Kama huna njia nyingine, punguza hatari.

Beba mtungi mmoja tu, wa kilo 6. Usibebe abiria pamoja nao. Abiria aliyeukumbatia mtungi mapajani hawezi kujishika, na pikipiki ikianguka mtungi unamwangukia. Usimamishe mtungi ndani ya kreti au tenga lililofungwa imara kwenye keria. Ufunge kwa mpira wa mizigo, kisha kwa kamba. Mpira peke yake huvutika kwenye mashimo. Mtungi usiguse bomba la moshi, kwani bomba hilo ni la moto. Kifuniko cha koki kiwe mahali pake. Nenda mwendo wa taratibu. Usipite kwenye shamba linalochomwa moto. Usisimame kwa mchoma mahindi.

Mwendesha pikipiki, wewe ndiwe uliye karibu na mtungi kuliko mtu yeyote. Ukikataa kubeba mitungi minne kwa safari moja, hukatai fedha. Unakataa jeneza.

Baiskeli na mkokoteni hufuata kanuni zile zile. Kwa mwendo mfupi, toroli ni bora kuliko kichwa. Mtoto asitumwe gesi.

MTUNGI MTUPU SI MTUPU

Wengi huulinda mtungi uliojaa na kuudharau uliokwisha. Hutupwa nyuma ya gari kama debe. Hilo ni kosa. Jiko likizimika, bado gesi kidogo imebaki ndani. Tena watu husahau kufunga koki kwa sababu wanadhani hakuna kitu. Mtungi ukikaa juani ndani ya gari, gesi iliyobaki inapanuka na kutoka. Kumbuka, isiyofika nusu kilo inatosha.

Kwa hiyo mtungi unaorudishwa dukani nao usimame, ufungwe, upate hewa. Funga koki. Rudisha kifuniko.

UKISIKIA HARUFU NJIANI

Mko safarini. Mtu mmoja anasema, "Nasikia gesi." Msimcheke. Fanyeni hivi, kwa utaratibu:

1. Fungueni madirisha yote. Anayevuta sigara asiitupe ovyo, aizime mbali na gari.

2. Dereva asimamishe gari pembeni, mahali pa wazi penye upepo. Asisimame juu ya kalavati wala kando ya mtaro, kwani gesi itashuka humo. Asisimame karibu na jiko au nyumba yenye moto.

3. Azime injini. Asiwashe taa wala redio. Mtu asipige simu akiwa karibu na gari.

4. Watu wote washuke. Watoto, wazee na wagonjwa watangulie. Waende upande unakotoka upepo. Wasikae bondeni.

5. Mtu mzima mmoja, kama anaweza kufika bila hatari, afunge koki.

6. Kama koki haifungi na hakuna moto, mtungi upelekwe mahali pa wazi mbali na watu, nyumba, mitaro na visima. Usimame wima. Upepo utaitawanya gesi. Watu na mifugo wakae mbali mpaka iishe.

7. Gari liachwe milango wazi mpaka harufu iishe kabisa. Ndipo liwashwe.

Kama mtungi umeshika moto, usiupigie hodari. Mtungi unaopikwa na moto unaweza kupasuka, na vipande vyake huruka mbali. Ondokeni wote. Kwa mtungi mdogo, kimbieni kupita urefu wa uwanja wa mpira, tena mjikinge nyuma ya ukuta au mwinuko wa ardhi. Mkiwa mbali, pigeni simu namba 114. Hiyo ni namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwelezeni anayepokea mahali mlipo, kitu kinachowaka, na kama kuna watu walioumia.

Moto unaotoka kwenye koki usiuzime kama huwezi kuifunga koki hiyo. Ukiuzima, gesi itaendelea kutoka bila kuonekana, halafu itawaka yote kwa mara moja.

AJALI SI MAONYESHO

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika. Wengine walikuja kutazama, wengine kuchota mafuta. Moto ulilipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Petroli si gesi, lakini somo ni moja: wengi wa waliokufa hawakuwamo katika gari lile. Walilifuata.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka Embakasi, jijini Nairobi. Watu kadhaa walikufa, na zaidi ya 270 waliumia. Nyumba, magari na maghala yaliungua. Wengi walikuwa majumbani mwao.

Basi ukiona lori la gesi limepinduka, usiende kutazama. Warudishe watoto. Zuia magari yasikaribie. Zima moto wa mekoni ulio karibu. Kama tangi la lori linawaka, ondokeni mpaka kilomita moja na nusu au zaidi. Hakuna mtungi wa bure wenye thamani ya roho ya mtu.

HUDUMA YA KWANZA

Mtu akiungua kwa moto, mwondoe kwenye moto kwanza. Kama nguo zake zinawaka, asikimbie. Alale chini abingirike, au mfunike kwa blanketi nzito. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, taratibu, kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandama kwenye ngozi usiibandue. Malengelenge usiyapasue. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, majivu wala unga. Vitu hivyo hutunza joto na kuleta vijidudu. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati. Aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, na mtoto yeyote aliyeungua, asingoje kesho.

Gesi ya maji ikimrukia mtu, humuunguza kwa ubaridi. Ngozi huwa nyeupe na ganzi. Usiisugue. Weka maji ya uvuguvugu, si ya moto. Mpeleke zahanati.

Mtu aliyevuta gesi nyingi huona kizunguzungu, hutapika, au huanguka. Mtoe kwenye hewa safi haraka. Lakini wewe mwokoaji usiingie shimoni au mtaroni penye gesi. Wengi wamekufa wakimfuata ndugu yao. Akipumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu, kisha tafuta gari.

MTUNGI WA OKSIJENI

Kuna mtungi mwingine unaosafiri kuja vijijini. Ni mtungi wa oksijeni wa zahanati na kituo cha afya. Mtoto mwenye nimonia kali anauhitaji. Mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua anauhitaji. Ukiharibika njiani, mgonjwa ndiye anayelipa.

Oksijeni yenyewe haiwaki. Lakini inafanya vitu vingine viwake kwa ukali mno. Hata mafuta na grisi vinaweza kushika moto vikikutana nayo. Kwa hiyo mtu mwenye mikono ya grisi asiguse koki yake. Koki ikikaza, isipakwe mafuta. Usiusafirishe pamoja na gesi ya kupikia, petroli au rangi.

Tena mtungi huo una nguvu kubwa sana ndani. Ukijaa, nguvu yake ni zaidi ya mara 50 ya upepo wa tairi la gari dogo. Koki yake ikikatika, mtungi unaruka kama kombora na kutoboa ukuta. Kwa hiyo kifuniko kiwe juu yake, ufungwe imara, na usiburutwe chini. Oksijeni haikufanywa maji ndani ya mtungi huo. Kwa hiyo mtungi wake unaweza kulazwa, mradi ufungwe usibingirike.

Mkimsindikiza mgonjwa anayevuta oksijeni ndani ya gari, fungueni dirisha. Sigara marufuku. Msiufunike mtungi kwa blanketi.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Kazi hii haiwezekani kwa mtu mmoja peke yake. Mwaka 1973 Watanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma pamoja. Hiyo ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma juu ya maji, vyoo na mbu, kisha wakatoka kwenda kufanya kazi. Jambo la gesi nalo linahitaji vikundi.

Kijiji kinaweza kuchagua siku moja kwa wiki iwe siku ya gesi. Wenye mitungi iliyokwisha wanaikusanya. Wanachanga nauli ya pikapu moja. Mitungi inasimama, inafungwa, inapata hewa, inakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nauli ya kila mmoja inapungua, na pikipiki zinapumzika. Kama wenye mitungi ni wengi, mwenyekiti wa kijiji azungumze na muuzaji wa mjini ili aweke wakala kijijini. Stoo ya wakala iwe na matundu ya hewa chini na juu, isiwe chumba cha kulala, wala isipakane na jiko la mama lishe.

Chama cha waendesha pikipiki nacho kinaweza kuagiza kreti moja imara ya mbao au chuma, ikatumiwa na wote kwa zamu. Fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Kamba ni rahisi kuliko jeneza. Unapoubeba mtungi kesho, jiulize: Umesimama? Umefungwa? Unapata hewa? Kama majibu ni ndiyo matatu, nenda salama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtungi wa gesi ya kupikia usilazwe ndani ya gari?

2. Gesi ya kupikia ikivuja, hupanda juu au hushuka chini? Kwa hiyo gari lisisimame wapi?

3. Mtungi mmoja una uzito wa kilo 13 na nusu kwenye mizani. Ukiwa mtupu, uzito ulioandikwa ni kilo 7 na nusu. Gesi iliyomo ni kilo ngapi?

4. Katika kijiji chetu, mitungi hufika kwa chombo gani? Ni kipi kati ya yale maneno matatu tunachokivunja zaidi?

5. Je, tunaweza kuweka siku ya gesi? Nani ataanza, na lini?